Je, Jokofu Lililojaa Hutunza Ubaridi Vizuri Zaidi Kuliko Lililo Tupu?

Katika nyumba nyingi, jokofu ni miongoni mwa vifaa vichache vya umeme visivyozimwa usiku wala mchana. Ndilo linalohifadhi kitoweo cha wiki, maziwa ya mtoto, kiporo cha jana na, katika baadhi ya familia, dawa ya mgonjwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba kuna kauli nyingi zinazokinzana kuhusu matumizi yake. Wapo wanaoshauri kwamba jokofu lijazwe daima, hata ikibidi kwa chupa za maji, ili lisipoteze ubaridi. Wapo wanaodai kinyume, kwamba kila kinachoongezwa ndani ni mzigo kwa mashine na humaliza uniti za umeme. Wapo pia wanaoamini kwamba jokofu tupu halitumii umeme wa kutajika.

Kila kauli kati ya hizo ina chembe ya ukweli, lakini hakuna iliyo kamili. Mlaji anayeishika mojawapo bila kuijua sababu yake aweza kuharibu chakula, kupoteza fedha, au kuhatarisha afya ya watu wa nyumbani mwake. Makala haya yanaeleza kinachotendeka ndani ya jokofu, kisha yanatoa ushauri wa kufuata.

JIBU KWA UFUPI

Jokofu lenye vitu vingi vilivyokwisha kupoa hubadilika joto polepole zaidi kuliko jokofu tupu. Faida hiyo huonekana hasa umeme unapokatika, na kwa kiasi kidogo mlango unapofunguliwa mara kwa mara. Hata hivyo, kujaza jokofu hakupunguzi sana matumizi ya umeme ya kila siku, na jokofu lililosongamana hadi hewa ikakosa njia huhifadhi chakula vibaya kuliko lenye nafasi. Kipimo kizuri ni jokofu lililojaa kiasi cha theluthi mbili hadi robo tatu, na friza iliyojaa karibu kabisa.

JOKOFU HUFANYA KAZI GANI HASA?

Watu husema kwamba jokofu “hutengeneza baridi.” Kwa hakika, kazi yake ni kuondoa joto. Kompresa husukuma gesi maalumu katika mabomba yaliyofungwa. Ndani ya jokofu gesi hiyo hufyonza joto la hewa na vyakula. Nje, kwa kawaida nyuma au ubavuni, huliachia joto hilo katika hewa ya chumba. Ndiyo maana ukigusa nyuma ya jokofu linalofanya kazi utahisi ujoto.

Joto linaloondolewa hutoka katika njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuta: ingawa zina sifongo la kuzuia joto, hakuna ukuta unaolizuia lote, na joto la chumba hupenya polepole saa zote. Ya pili ni mlango: kila unapofunguliwa, hewa baridi huteremka na kutoka kwa chini, na hewa ya joto huingia kwa juu. Ya tatu ni vitu tunavyoingiza vikiwa na joto kuliko jokofu lenyewe.

Katika njia hizo tatu, ya kwanza haijali kabisa kama jokofu limejaa au ni tupu. Joto linalopenya kuta hutegemea ubora wa kuta zenyewe, ukubwa wake, na tofauti iliyopo kati ya joto la chumba na la ndani. Hapo ndipo inapoanguka imani kwamba jokofu tupu halitumii umeme. Likiwa limewashwa, linapambana na joto la chumba hata kama ndani hamna zaidi ya kipande cha limau.

KWA NINI VITU HUTUNZA UBARIDI KULIKO HEWA?

Siri ya jokofu lililojaa imo katika tofauti kati ya hewa na maji. Ili kuongeza joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, huhitajika takriban kilojuli 4.2 za joto. Lita moja ya hewa huhitaji kilojuli 0.0012 tu. Kwa maneno mengine, kwa ujazo ulio sawa, maji humeza joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa kabla ya kupanda nyuzi ileile moja.

Nyama, samaki, mboga, matunda, maziwa na vyakula vilivyopikwa kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo sufuria ya maharage iliyokwisha kupoa ni akiba ya ubaridi, hali hewa iliyoizunguka ni karibu si kitu. Hewa hupata joto upesi na kupoa upesi; chakula hupata joto polepole na kupoa polepole.

Ni vyema kulitazama jambo hili pande zote mbili. Uzito uleule unaokifanya chakula baridi kichelewe kupata joto ndio unaokifanya chakula cha moto kichelewe kupoa. Kujaza jokofu kwa vitu vya baridi ni kulisaidia. Kulijaza kwa ghafla vitu vya vuguvugu ni kulielemea. Wale wanaosema kwamba vitu vingi ni mzigo kwa mashine wana haki katika saa za mwanzo, ila si baada ya hapo.

MLANGO UNAPOFUNGULIWA

Tuchukue jokofu la lita 300 lililo tupu, katika mji wa pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yaweza kufikia nyuzi 30 na kuwa na unyevu mwingi. Tuseme mlango umefunguliwa kwa muda wa kutosha hata hewa yote ya ndani ikabadilishwa. Joto linaloingia kwa hewa hiyo pamoja na mvuke wake ni takriban kilojuli 20. Katika pwani, zaidi ya nusu ya joto hilo huletwa na mvuke, ambao hugeuka matone na ukungu ndani ya jokofu. Ndiyo maana jokofu linalofunguliwa ovyo huloa, au huota barafu nene katika sehemu ya kugandishia.

Sasa tulinganishe. Chupa moja ya lita moja ya maji iliyokuwa mezani kwa nyuzi 30, ikiingizwa na kupozwa hadi nyuzi 4, humlazimu kompresa aondoe takriban kilojuli 109. Hiyo ni sawa na kubadilisha hewa yote ya jokofu mara tano. Anayemkaripia mtoto kwa kufungua mlango, kisha akaingiza sufuria ya mchuzi wa moto, amekataza dogo akatenda kubwa.

Hata hivyo, mlango usidharauliwe. Jokofu likiwa na vitu vingi, hewa ya kubadilishwa huwa chache, na vitu vyenyewe huipoza upesi hewa iliyoingia. Katika jokofu tupu, kipimajoto kilichoning’inizwa hewani kitapanda ghafla kila mlango unapofunguliwa. Katika jokofu lenye vyakula kitapanda pia, lakini kitarudi chini mapema zaidi, na chakula chenyewe hakitakuwa kimebadilika kwa kiasi cha kutajika.

UMEME UNAPOKATIKA

Hapa ndipo faida ya jokofu lililojaa inapodhihirika. Tuchukue mfano wa jokofu ambalo kuta zake hupitisha kilojuli 100 za joto kwa saa, kiasi kisicho mbali na hali ya jokofu la wastani katika chumba cha joto. Umeme ukikatika, joto hilo huendelea kuingia bila wa kuliondoa. Kwa hesabu nyepesi, bila kuhesabu rafu na kuta za ndani, mambo huwa hivi:

• Likiwa na kilo 10 za vitu vyenye maji mengi, joto hupanda kwa takriban nyuzi 2.4 kila saa. Kutoka nyuzi 4 hadi 8 hupita muda wa saa 1 na dakika 40.

• Likiwa na kilo 30 za vitu hivyo, joto hupanda kwa takriban nyuzi 0.8 kila saa. Kutoka nyuzi 4 hadi 8 hupita muda wa saa 5.

• Likiwa na kilo 30 hizo pamoja na kilo 1 ya barafu, huongezeka muda wa zaidi ya saa 3, kwa kuwa kilo moja ya barafu humeza takriban kilojuli 334 ili iyeyuke tu, kabla hata maji yake hayajaanza kupata joto.

Takwimu hizi ni za mfano. Jokofu lako laweza kuwa bora au duni kuliko hilo. Lakini uwiano ni wa kweli: ukizidisha mara tatu uzito wa vitu vilivyokwisha kupoa, unazidisha takriban mara tatu muda wa kustahimili. Barafu nayo ina nguvu ya pekee. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto ambalo lingetosha kuyachemsha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi 80.

Kanuni hiyo ndiyo iliyo nyuma ya ushauri wa Idara ya Kilimo ya Marekani kwa walaji wake: friza iliyojaa, ikiwa haikufunguliwa, hutunza hali yake kwa muda wa takriban saa 48, iliyojaa nusu, kwa takriban saa 24. Kwa sehemu ya kawaida ya jokofu, ambayo haina barafu ya kuilinda, idara hiyo hutaja muda wa saa 4 tu. Katika jiko lenye joto kali la pwani ni busara kuuona muda huo kuwa ndio ukomo wenyewe.

MFANO KUTOKA MAJOKOFU YA CHANJO

Anayetaka kuona kanuni hii ikitumika mahali ambapo kosa hugharimu uhai wa watu, na atazame jinsi chanjo zinavyotunzwa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto hupoteza nguvu, na baadhi yake zikiganda huharibika kabisa. Kwa sababu hiyo, katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, vituo vya afya hutumia majokofu maalumu ambayo kuta zake zimezungushiwa tabaka la barafu. Umeme ukiwapo, barafu hiyo huganda. Umeme ukiondoka, huyeyuka polepole na kuzilinda chanjo.

Kwa upande wake, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hushauri kwamba chupa za maji ziwekwe katika nafasi zilizo tupu za majokofu ya chanjo, ili joto lisipande na kushuka ovyo. Kwa hiyo chupa za maji ni njia inayokubalika. Lakini ieleweke kwamba zinawekwa pale ili joto litulie. Shabaha yake si kupunguza gharama ya umeme.

JE, UNITI ZA UMEME HUPUNGUA?

Mlaji wengi huambiwa kwamba jokofu lililojaa “hula” umeme kidogo sana. Tukadirie. Tuseme jokofu letu la lita 300 hufunguliwa mara 20 kwa siku, na kila mara hewa yote ya ndani hubadilishwa, jambo ambalo ni kukadiria kwa juu. Joto litakaloingia ni kilojuli 400, yaani chini kidogo ya uniti 0.12. Jokofu likijazwa nusu, nusu ya joto hilo huepukwa. Na kwa kuwa uniti moja ya umeme huweza kuhamisha zaidi ya uniti moja ya joto, akiba halisi ni chini ya uniti 0.06 kwa siku. Katika mwezi mzima haifiki hata uniti mbili.

Sasa tuhesabu gharama ya kujaza. Ukiingiza chupa kumi za lita moja zenye maji ya nyuzi 30, jokofu litaondoa takriban kilojuli 1,090 ili kuzipoza. Chupa hizo huchukua sehemu moja tu kati ya thelathini ya nafasi ya ndani. Kwa hiyo hupunguza joto la mlangoni kwa kilojuli 13 hivi kwa siku. Itapita zaidi ya miezi miwili na nusu kabla ya akiba hiyo kurudisha umeme uliotumika kuzipoza. Na ikiwa chupa hizo hunywewa kila siku na kurudishwa zikiwa na maji mapya, akiba haipatikani kamwe: umejiongezea kazi ya kilojuli 1,090 kila siku. Hilo si kosa ikiwa unahitaji maji baridi ya kunywa au kuuza. Ni gharama ya huduma unayoitaka. Kosa ni kudhani kwamba unaokoa umeme.

Hitimisho lake ni hili: usijaze jokofu kwa tamaa ya kupunguza matumizi ya LUKU. Mambo yanayopunguza uniti kwa hakika ni mengine: kununua jokofu lisilozidi mahitaji ya familia, kuliweka mbali na jiko na jua, kuliachia nafasi ya hewa nyuma na pembeni, kutunza mpira wa mlango, na kutoingiza vitu vya moto. Jokofu kubwa lililonunuliwa kwa fahari, kisha likakaa nusu tupu mwaka mzima, haliponywi kwa chupa za maji. Kuta zake kubwa zitaendelea kupitisha joto la kuta kubwa.

KUJAA SI KUSONGAMANA

Ubaridi wa jokofu husambazwa na hewa. Katika majokofu ya kawaida yanayoota barafu, hewa hupoa kwenye bamba la ubaridi, huteremka, na ile yenye joto hupanda. Katika majokofu yasiyoota barafu, feni husukuma hewa baridi kupitia matundu yaliyo nyuma ya rafu. Katika aina zote mbili, hewa ikikosa njia, ubaridi haufiki.

Ndipo hutokea jambo linalowashangaza wengi: katika jokofu moja, mchicha ulioegemea ukuta wa nyuma huganda, huku maziwa yaliyobanwa katikati ya masufuria yakichacha. Kidhibiti joto hupima mahali kilipo. Hakijui hali ya kona iliyozibwa. Makosa ya kawaida ni haya:

• Kutandika vitambaa, plastiki au magazeti juu ya rafu za waya, hivyo kuzuia hewa kuteremka.

• Kuweka mfuko au chombo mbele ya matundu ya hewa.

• Kupanga masufuria mapana hadi yakagusa kuta zote.

• Kubana vitu hadi mlango usifunge sawasawa. Ufa mdogo mlangoni huingiza joto na unyevu saa zote, na hufuta faida yote ya kujaza.

Friza ni tofauti kidogo. Humo vitu vilivyokwisha kuganda vyaweza kupangwa kwa kubanana, kwa kuwa hulindana. Ila vitu vipya vinavyosubiri kugandishwa visirundikwe pamoja. Vitandazwe kwanza vigande, kisha vipangwe. Ikiwa friza ina feni, matundu yake nayo yaachwe wazi.

JOKOFU LAKO LIKIWA NUSU TUPU

Ukiishi mahali ambapo umeme ni wa uhakika, huna sababu kubwa ya kulijaza. Ukiishi mahali ambapo umeme hukatika, fanya yafuatayo:

1. Jaza maji katika chupa safi, uzipoze, uzipange katika nafasi tupu bila kuziba hewa. Ziingize usiku, wakati mlango haufunguliwi sana na chumba kimepoa.

2. Weka chupa nyingine chache katika friza. Zisijazwe hadi shingoni, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu sehemu moja ya kumi na yaweza kupasua chupa. Umeme ukikatika, hamishia chupa mbili au tatu katika rafu ya juu ya jokofu, kwa kuwa hewa baridi huteremka.

3. Nyama au samaki wa kupikwa kesho iyeyushe ndani ya jokofu, katika bakuli, rafu ya chini. Hapo ubaridi wake hausahauliki bure mezani, bali hulisaidia jokofu. Nawe huepuka kuiacha katika joto linalostawisha bakteria.

4. Usijaze nafasi kwa makaratasi, nguo au maboksi matupu. Vitu hivyo huzuia hewa bila kutunza ubaridi.

UMEME UKIKATIKA: NINI KILIWE, NINI KITUPWE?

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya jokofu huoza, tena bila kutoa taarifa. Bakteria waletao maradhi huongezeka haraka katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika upesi kitunzwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumba kwa zaidi ya muda wa saa 2.

Mara umeme unapokatika, andika saa. Usifungue mlango kwa kuchungulia. Umeme usiporejea ndani ya muda wa saa 4, na huna barafu wala kipimajoto cha kukuthibitishia kwamba ndani hamjazidi nyuzi 5, tupa nyama, kuku, samaki, maziwa, mayai yaliyovunjwa au kupikwa, wali, maharage na viporo vingine. Matunda na mboga zisizokatwa, siagi, jamu, achari na tomato ya kopo haviharibiki upesi hivyo.

Usitegemee pua wala ulimi. Chakula chaweza kudhuru kikiwa hakinuki wala hakijabadilika ladha. Tena usidhani kwamba kuchemsha kunasahihisha kila kitu, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa kupikia. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa ndio huumia zaidi.

Vilivyokuwa katika friza vyaweza kugandishwa tena ikiwa bado vina chembe za barafu au bado ni baridi kama vilivyo ndani ya jokofu. Ladha yaweza kupungua, lakini ni salama. Vilivyoyeyuka vikapata joto visirudishwe.

Umeme unaporejea, kompresa isiwashwe papo hapo, kwa kuwa msukumo wa gesi ndani ya mabomba huhitaji dakika chache kutulia. Kifaa cha kulinda jokofu, maarufu kama friji gadi, huchelewesha umeme kwa muda huo na huukata ukizidi au ukipungua mno. Usipokuwa nacho, chomoa waya umeme unapokatika, na usubiri dakika tano baada ya kurejea.

WENYE DAWA NDANI YA JOKOFU

Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, na haipaswi kuganda. Iweke katika rafu ya katikati, ndani ya kijiboksi chake, mbali na ukuta wa nyuma, mbali na sehemu ya kugandisha, na isikae mlangoni, mahali ambapo joto hupanda na kushuka zaidi. Chupa mbili za maji baridi kando yake zitasaidia kutuliza joto. Chupa ya barafu isiiguse. Insulini iliyoganda isitumike hata baada ya kuyeyuka. Ikipata joto kwa muda mrefu, muulize mfamasia kabla ya kuitumia, na soma daima maelezo yaliyo katika boksi lake.

PIMA, USIKISIE

Ushauri wote uliotangulia hutegemea jambo moja: kujua joto halisi la jokofu lako. Namba za kidhibiti, tuseme 1 hadi 7, si nyuzi za joto. Ni viwango tu, na kwa kawaida namba kubwa humaanisha baridi zaidi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, katika rafu ya katikati, jioni. Kisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Kinapaswa kuonyesha kati ya nyuzi 2 na 5. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Rudia kipimo kila unapobadilisha sana wingi wa vitu ndani, kwa kuwa jokofu lililokuwa sawa likiwa na vitu vichache laweza kuhitaji kurekebishwa baada ya ununuzi wa sikukuu.

Pima pia mpira wa mlango: bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila ukinzani, mpira umechakaa au umechafuka. Uoshe kwa maji ya sabuni, usiposhika, ubadilishwe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Vitu vilivyopoa ndivyo vinavyotunza ubaridi; hewa haiutunzi.

• Faida kuu ya kujaza ni kustahimili umeme unapokatika. Akiba ya uniti ni ndogo mno.

• Acha njia za hewa katika jokofu, ijaze friza.

• Poza chakula cha moto katika vyombo vipana visivyo na kina, kisha ukiingize kabla ya kupita muda wa saa 2.

• Chupa za barafu katika friza ndiyo bima nafuu kuliko zote dhidi ya umeme kukatika.

• Chakula chenye shaka kitupwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya matibabu.